Karatasi za Wazee Wetu: Zitumike Kutafuta Ndugu, Siyo Kumfukuza Jirani

Hotuba iliyotolewa mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao kutoka Opala, Ubundu, Isangi na Lubunga

Wengine mmevuka mto tangu asubuhi ili muwe hapa. Wengine hamjalala katika nyumba zenu wenyewe tangu mwaka 2023. Kwa hiyo sitacheza na muda wenu.

Nimeombwa niseme juu ya jambo moja: namna familia inavyoweza kutafuta asili yake katika karatasi za zamani, hasa karatasi za kuhesabu watu na karatasi za pensheni. Mtu anaweza kuuliza: sisi tumepoteza nyumba na mashamba, watoto hawasomi, na wewe unatuletea habari za karatasi za wakati wa Wabelgiji? Hilo ni swali la haki. Nitalijibu kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza: aliyekimbia bila karatasi anahitaji kutambuliwa. Mjane hawezi kudai haki ya marehemu mumewe, na mtoto hawezi kuthibitisha yeye ni wa nani. Sababu ya pili: jamaa zetu wametawanyika, na jina la babu likijulikana vizuri linasaidia kuwakusanya. Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Katika ugomvi wetu, kila upande unasema, “Sisi ni wa kwanza hapa, ninyi mlikuja.” Na kila upande unaongeza, “Karatasi zipo.” Basi ni lazima tujue karatasi hizo zinasema nini, na zinanyamaza juu ya nini.

Ugomvi uliotufikisha hapa

Mnaujua kuliko mimi. Mwezi wa Februari 2023, mabishano juu ya ardhi iliyotolewa kwa ajili ya shamba kubwa la kampuni, upande wa kushoto wa mto, yaligeuka kuwa mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na ndugu zetu Walengola. Moto ulianzia maeneo ya Lubunga na Ubundu, ukafika hata Opala na Isangi. Watu waliuawa, vijiji vilichomwa, maelfu walikimbia. Wengine waliingia msituni, wengine walivuka kuja mjini Kisangani.

Sikuja kuhukumu upande wowote. Nataka tu tuangalie neno moja lililokuwa kinywani mwa wengi: neno “mgeni”. Mtu aliyezaliwa Lubunga, na baba yake amezaliwa Lubunga, aliitwa mgeni. Neno hilo lilitoka wapi? Sehemu yake limetoka katika madaftari.

Watu walihesabiwaje?

Wakati wa Kongo ya Ubelgiji, amri ya tarehe 2 Mei 1910 ilitaka kila mwenyeji awe chini ya chifu anayetambuliwa na serikali. Amri nyingine, ya tarehe 5 Desemba 1933, ilipanga upya maeneo ya machifu na kuweka sekta pale ambapo makundi madogo yaliunganishwa. Kila mwanamume mzima alikuwa na kadi yake katika ofisi. Kwa kawaida kadi hiyo ilionyesha jina lake, jina la baba na la mama, kijiji, chifu wake, mwaka wa kuzaliwa kwa kukadiria, wake zake na watoto wake. Naye alibeba kitabu cha kitambulisho, buku ya leta, ambamo kodi aliyolipa iligongwa muhuri.

Tukumbuke kwa nini kazi hiyo ilifanywa. Bula Matari hakuhesabu watu kwa kuwapenda. Alitafuta kodi, alitafuta askari wa Force Publique, alitafuta mikono ya kazi. Vijiji vilivyokuwa ndani ya msitu vilisogezwa kando ya barabara ili vihesabiwe na kusimamiwa kwa urahisi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wa msitu walirudishwa kutafuta mpira. Wapo waliokimbia wasiandikwe. Kwa hiyo kukimbia hakukuanza na sisi. Katika familia nyingi kuna babu aliyejificha msituni siku ya kuhesabiwa, na leo jina lake halionekani. Je, kwa kuwa hakuandikwa, hakuwepo?

Vilevile, mtu aliyetaka kukaa nje ya eneo la chifu wake zaidi ya siku 30 alitakiwa kuwa na pasi ya kuhama. Yule aliyekwenda kufanya kazi Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, aliandikwa kwamba asili yake ni kijiji fulani cha Opala, hata kama aliishi mjini miaka 30 na kuzalia watoto wake huko. Ofisi ilimwandika kama mtu wa mahali pengine. Huo ulikuwa utaratibu wa ofisi. Lakini watoto na wajukuu waliurithi kana kwamba ni ukweli wa damu.

Lubunga ni mfano mzuri. Reli ya kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, ina urefu wa kilomita 125 na ilifunguliwa mwaka 1906. Kituo chake kiko ukingo wa kushoto. Reli ilihitaji watu wa kukata miti, kubeba mizigo na kutunza njia, na walitoka pande nyingi. Mashamba ya michikichi ya Elisabetha, leo Lokutu, yalihitaji watu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, kilichokuwa chini ya INEAC iliyoanzishwa mwaka 1933, kilihitaji watu. Mwaka 1952 na 1953 watafiti walikuja kuchunguza maisha ya mji huu, na mmoja wao, Valdo Pons, alitoa kitabu juu yake mwaka 1969. Walikuta watu wa makabila mengi wakiishi katika mtaa mmoja, wakigawana maji, misiba na sherehe. Mji huu ulijengwa na mchanganyiko.

Karatasi za pensheni zinaficha nini?

Kuna karatasi nyingine ambazo wengi hawazifikirii. Mwaka 1956 serikali ya koloni ilianzisha mfuko wa pensheni kwa wafanyakazi. Baada ya uhuru, tarehe 29 Juni 1961, ilianzishwa INSS, ambayo ilikusanya pamoja pensheni, malipo ya walioumia kazini na posho za familia. Kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016 mfumo huo ulirekebishwa, na INSS ikaachia nafasi CNSS tunayoijua leo.

Kwa nini jalada la pensheni lina faida kwa mtu anayetafuta ukoo? Kwa sababu ya zile posho za familia. Ili mfanyakazi alipwe posho, ilibidi atangaze mke wake na watoto wake, majina na tarehe za kuzaliwa. Na mfanyakazi akifa, mjane na yatima walitakiwa kuthibitisha uhusiano wao na marehemu. Kadi ya kodi ilimtazama mwanamume kama mlipaji. Jalada la pensheni linatuonyesha nyumba yake. Humo akina mama wana majina.

Nitatoa mfano, ni mfano tu, si habari ya mtu ninayemjua. Tuseme mzee mmoja alizaliwa karibu mwaka 1925 katika kijiji cha Opala kando ya mto Lomami. Kadi ya hesabu inamtaja pamoja na baba yake na kijiji chake. Mwaka 1949 anapata kazi kwenye reli. Mwaka 1957 anatangaza watoto watatu na mke wake. Ukisoma vizuri unakuta mke huyo alizaliwa kijiji cha njia ya Ubundu, na baba yake ni Mlengola. Sasa wajukuu wa mzee huyo wako wapi mwaka 2023? Wako katika kundi linalosema, “Walengola waondoke.” Hawajui kwamba wanamfukuza mjomba wao. Noko wao! Yule ambaye kwa desturi zetu huwezi hata kumjibu kwa sauti ya juu.

Ndugu zangu, mfano huo unaweza kugeuzwa upande wa pili na ukabaki kweli. Ukoo wa baba tunaukariri. Ukoo wa mama tunausahau haraka, na hapo ndipo adui wa leo anapozaliwa.

Majina yaliyobadilika, karatasi zilizopotea

Anayetafuta lazima ajue vizuizi vinne.

Kizuizi cha kwanza ni majina ya watu. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya Kikristo yalikatazwa, na sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikaweka kanuni za majina. Aliyekuwa Joseph katika kadi ya 1954 anaweza kuwa na jina lingine kabisa katika jalada la 1975. Tena karani wa zamani aliandika jina kama sikio lake lilivyosikia. Jina moja linaweza kuandikwa kwa njia tatu au nne.

Kizuizi cha pili ni majina ya mahali. Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966. Ponthierville ikawa Ubundu. Nchi yenyewe iliitwa Zaire kuanzia tarehe 27 Oktoba 1971 hadi 1997. Mkoa wa Mashariki uligawanywa mwaka 2015, ndipo tukapata Tshopo. Anayeandika barua kuomba jalada ataje jina la sasa na jina la zamani.

Kizuizi cha tatu ni miaka ya kuzaliwa. Karani alikadiria kwa macho. Ukikuta ndugu wawili wa mama mmoja wameandikwa mwaka mmoja, usiseme ni mapacha, wala usiseme mmoja ni mwongo.

Kizuizi cha nne ni vita. Mji huu ulichukuliwa na waasi wa Simba tarehe 5 Agosti 1964 na kukombolewa tarehe 24 Novemba mwaka uleule. Ulipigwa tena katika vita vya siku sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati yetu. Katika misukosuko kama hiyo, ofisi huporwa na karatasi huchomwa au hugeuzwa za kufungia karanga. Na tangu hesabu kuu ya tarehe 1 Julai 1984, iliyokuta watu takriban milioni 30.7, nchi yetu haikuhesabu tena watu wake wote kwa namna hiyo. Ndiyo maana karatasi za zamani zilizobaki zina uzito mkubwa, na ndiyo maana zinahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Njia ya kufuata

Sasa nieleze kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Haihitaji fedha nyingi mwanzoni.

Moja: anza na wazee, leo siyo kesho. Waketi na wajukuu. Andikeni majina ya watu wa vizazi vitatu au vinne, upande wa baba na upande wa mama, kila jina pamoja na jina la utani, la ubatizo na la kazini. Ulizeni: alilipa kodi kwa chifu gani? Alifanya kazi wapi? Alikuwa askari? Wazee wakitaja Tabora, fikirieni vita vya mwaka 1916. Wakitaja Saïo, hiyo ni Ethiopia, mwaka 1941. Neno moja kama hilo linaweza kuonyesha jalada la kutafuta.

Mbili: tafuteni karatasi zilizo nyumbani. Waliokimbia na mfuko mmoja mara nyingi walichukua karatasi kabla ya sufuria. Buku ya zamani, risiti ya kodi, kadi ya kazi, kadi ya hospitali, cheti cha ubatizo: msitupe chochote. Namba ya mfanyakazi ni ufunguo. Kwa namba hiyo jalada linaweza kupatikana hata jina likiwa limebadilika.

Tatu: nendeni kwa makanisa. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifika hapa mwaka 1897 pamoja na padri Gabriel Grison, wakaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Wabaptisti wa Uingereza walikuwa Yakusu tangu miaka ya 1890, na hospitali yao ilipigana na ugonjwa wa usingizi kijiji kwa kijiji. Daftari la ubatizo au la ndoa huwa na majina ya wazazi wote wawili na ya wasimamizi. Angalieni sana wasimamizi: mara nyingi ni watu wa ukoo mwingine, na ni ushahidi wa urafiki wa zamani.

Nne: nendeni ofisi za sekta na za wilaya, kisha ofisi ya CNSS kwa mambo ya pensheni. Nendeni na orodha safi, siyo na hadithi ndefu. Mjane au yatima wa mfanyakazi aliyekuwa akichangia aulize waziwazi juu ya pensheni ya warithi. Kwa askari na kwa wafanyakazi wa serikali njia ni nyingine, basi ulizeni kwanza marehemu aliajiriwa na nani.

Tano: kwa yale yasiyopatikana hapa, jueni kwamba sehemu kubwa ya karatasi za utawala wa koloni ilipelekwa Brussels. Zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ubelgiji, kisha zikaanza kuhamishiwa Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo. Huko ziko ripoti za wilaya, uchunguzi juu ya machifu, hesabu za jumla na majalada ya aina nyingi. Msitegemee kwamba kadi ya kila babu iko huko. Kadi za mtu mmoja mmoja zilikuwa kazi ya ofisi za hapa. Lakini mtu mwenye jamaa Ulaya anaweza kumtuma aombe kusoma.

Sita: ikiwa anayetafutwa yuko hai na mlipotezana katika mapigano, msianze na karatasi za 1950. Nendeni kwa Msalaba Mwekundu, ambao una kazi maalumu ya kutafuta jamaa na kupeleka habari zao. Huduma hiyo hailipiwi.

Na karatasi mpya je? Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, kanuni ya 20, zinasema wapewe karatasi mpya badala ya zilizopotea bila masharti yasiyo ya haki. Sheria yetu ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto atangazwe kwa ofisa wa serikali ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, kuna njia ya mahakama. Akina mama mliojifungua njiani au katika kambi, msiache watoto wenu bila jina katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtoto je?

Karatasi haiwezi kusema nini

Sasa nafika kwenye neno lililonileta.

Kadi ya hesabu inajibu swali moja: ofisi ilimwandika mtu huyu wapi, na mwaka gani. Haijibu swali la nani mwenye ardhi. Kadi ya 1938 si hati ya shamba. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na jamii za vijiji zikabaki na haki za matumizi kwa desturi. Kwa hiyo anayepunga kadi ya babu ili kumwondoa jirani, anatumia chombo ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tena jirani zetu wametufundisha kwa damu. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho kuanzia miaka ya 1930. Neno hilo moja lilibaki katika kadi baada ya uhuru. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi iliamua nani apite na nani afe. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kodi na utawala ikawa hukumu ya kifo. Tusiruhusu orodha za mababu zitengenezwe Tshopo kwa kusudi kama hilo. Mtu akija kwenye kambi kuandika majina kwa kabila, mwulizeni: ya nini, nani atayasoma, na yatahifadhiwa wapi?

Lakini karatasi hizohizo zinaweza pia kuleta haki. Mnajua habari za watoto waliozaliwa na baba wazungu na mama Wakongo, wakachukuliwa kwa mama zao na kuwekwa misheni. Mwezi Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba msamaha mbele ya bunge kwa niaba ya nchi yake. Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji ilipewa kazi ya kuwasaidia kutafuta asili yao katika majalada. Na tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji katika kesi ya akina mama watano, sasa ni bibi, waliochukuliwa hivyo Kasai walipokuwa watoto. Mahakama iliita kitendo hicho uhalifu dhidi ya ubinadamu. Karatasi za utawala zilizowatenga watoto na mama zao ndizo zilizotumika kuonyesha ukweli.

Mnaona? Karatasi ni ileile. Tofauti ni swali tunaloiuliza. Ukiiuliza, “Nani nimfukuze?” itakupa jina. Ukiiuliza, “Ndugu yangu ni nani?” itakupa jina pia.

Ombi kwa viongozi

Waheshimiwa, naomba mambo matano, na naomba kwa heshima.

La kwanza: msikubali kadi au orodha ya zamani iletwe barazani na upande mmoja tu. Isomwe mbele ya pande zote, kwa sauti, na mtu anayejua Kifaransa cha zamani atafsiri, na mwingine wa upande wa pili ahakikishe.

La pili: kila ukoo unapoandikwa, upande wa mama uandikwe pia. Bila hivyo orodha ni nusu.

La tatu: hifadhini vitabu vya sekta. Daftari likae mahali pakavu, mbali na mchwa, na asiazimwe mtu alipeleke nyumbani. Mwenye simu ya picha apige kurasa zilizoharibika, kwa ruhusa, na nakala zikae sehemu mbili.

La nne: siri za watu zitunzwe. Kuna mambo katika majalada, kama ugonjwa, kifungo au mtoto wa nje ya ndoa, ambayo ni ya familia peke yake. Siyo ya soko.

La tano: anayerudi kijijini asiulizwe kwanza kadi ya babu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kwenda na kukaa popote nchini kwa kufuata sheria. Kifungu cha 51 kinaipa Serikali wajibu wa kulinda maisha ya amani kati ya makabila yote. Chifu ni mkono wa Serikali kijijini. Wajibu huo unamfikia.

Na ninyi vijana, ambao mara nyingi ndio mnaotumwa mbele na silaha huku waliowatuma wamekaa nyuma: kabla ya kukubali kwamba fulani ni adui wa ukoo wako, nenda kwa bibi yako. Mwulize, “Mama yako alitoka wapi? Na mama yake?” Uliza mpaka achoke. Wengi wenu mtakuta jibu linavuka mto, au linavuka mpaka wa wilaya.

Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Tusiiache asili yetu. Lakini asili ni pana kuliko mstari mmoja katika daftari la kodi. Ina mama, ina mashemeji, ina rafiki aliyesimamia ubatizo, ina mtu wa kabila lingine aliyekuficha siku ya vita. Hao wote ni sehemu ya jibu la swali, “Mimi ni nani?”

Baada ya mazungumzo haya tutaketi kwa vikundi vidogo, familia za pande zote pamoja. Kila familia itapewa karatasi na kalamu. Sehemu ya juu ya karatasi ina mistari miwili, wa baba na wa mama, na urefu wake ni sawa. Naomba mwanze na wa mama.

Amani iwe kwenu, na Mungu awarudishe nyumbani salama.